Jiwe la Tor Mlangoni pa Emérita

10 Septemba, Muhanda, Masisi

Mvua ya kwanza ya kweli, saa tisa mchana, dakika arobaini. Kilima kizima kinapanda maharagwe. Mama Emérita, mjane anayenipa chumba cha nyuma, alimaliza mistari yake kabla ya wote, kisha akasimama ukingoni mwa shamba akiwatazama jirani kama mwalimu anayengoja wanafunzi wamalize mtihani. Ana miaka sitini na tatu. Nimefanya kazi ya habari miaka ishirini na saba na kuhama na vita mara nne, na sijaona mtu anayejivunia maharagwe kiasi hiki.

Redio yetu ilihamishia antena hapa kwa sababu ya urefu wa kilima. Kazi yangu: habari saa sita mchana, kipindi changu cha Jumatano, na kuzima mtambo radi inapokaribia.

12 Septemba

Radi. Nimezima mtambo mara tatu.

20 Septemba

Wasikilizaji wanataka kipindi kuhusu radi. Si ajabu. Hapa ikinguruma, kina mama wanavua vitambaa vyekundu, kioo kinafunikwa, na radi ikiua mtu swali la kwanza ni moja tu: nani ameituma?

Nimempata kwa simu Papa Grégoire, mzee wa miaka themanini na moja anayeishi Omate, upande wa Walikale, kwa wanawe wanaochimba dhahabu. Ujanani alifanya kazi miaka kumi na minne kwa mmisionari mmoja wa Norvège (Norwe), Mamzeli Ingrid. Huko Norvège, kabla ya Injili kufika, radi ilikuwa ya mungu aitwaye Tor. Mamzeli alijua habari zake kutoka mashairi ya kale na kutoka kwa bibi yake mkulima. Nilirekodi.

"Huyo Tor alikuwa na ndevu nyekundu na nyundo. Anaitupa, inapiga, inarudia mu mukono yake. Gari yake inakokotwa na mbuzi mbili, madume. Ile kelele ya ku mawingu, kwao banasema ni magurudumu."

"Mbuzi, Papa? Si farasi?"

"Mbuzi, dada! Na jioni anazichinja, anazikula. Mifupa yote anaweka juu ya ngozi, hakuna kuvunja hata moja. Asubuhi anabariki na nyundo, mbuzi zinasimama, zinalia. Siku moja muntu ku meza akapasua mufupa ya paja, alitaka kunyonya mafuta ya ndani. Asubuhi mbuzi moja ikaamuka inachechemea. Weye fikiria! Sisi tukikula mbuzi ya Noeli, inabakia ngozi na mbwa."

Sauti nzuri, kumbukumbu safi. Dakika kumi na mbili.

27 Septemba

Kipindi kimetoka. Dakika ya kumi niliona wingu jeusi juu ya upande wa Walikale, nikakata sehemu ya mwisho na kuzima mtambo. Zilibaki dakika moja na sekunde arobaini. Mzee alikuwa ameanza habari ya mawe: wakulima wa Norvège, wakilima, walikuta mawe laini yenye umbo la shoka, wakasema ni Tor aliyeyatupa kutoka juu. Hapo ndipo nilipokata.

29 Septemba

Kilima kizima kinazungumza juu ya Tor. Wanakwaya wanamwita Benoît, mpiga ngoma wa kanisa, "Tor" kwa sababu ya mikono yake. Anaitika.

Ni Ijumaa. Nimefuta rekodi za wiki ili simu ipate nafasi, kama kila Ijumaa.

12 Oktoba

Mbuzi wa Théoneste, baba yake Benoît, wamekula machipukizi ya maharagwe ya Mama Emérita, mstari mzima. Amemwendea mpakani.

"Papa Théoneste, mbuzi yako haina nyumba?"

"Mbuzi haijue mupaka, Mama."

"Na mwenyewe? Na yeye hajue? Sawa. Mungu iko anaona."

Watu wapatao ishirini walisikia. Mimi nilicheka.

14 Oktoba

Naandika kwa mpangilio.

Saa nane na nusu mchana kwaya ilianza mazoezi kanisani. Watu kumi na tisa, pamoja na Mama Emérita, anayeimba sauti ya pili. Saa tisa kasoro kumi upepo uligeuka. Mama Emérita alitoka kwenda kuanua muhogo aliouanika. Saa tisa kasoro tano nilizima mtambo. Nilikuwa sijafika mlangoni mwa studio radi ilipopiga kanisa, mita mia mbili kutoka nilipokuwa. Mwanga na sauti vilikuja pamoja.

Nilikimbia. Bati la upande wa mashariki lilikuwa limepasuka. Watu wanane walikuwa chini. Saba waliinuka, wengine bila kusikia chochote. Benoît hakuinuka. Alikuwa ameegemea nguzo, ngoma kati ya magoti. Muuguzi alijaribu kumzindua kwa dakika ishirini na sita. Benoît alikuwa na miaka ishirini na minne.

Théoneste alikuja kutoka shambani na jembe mkononi. Alisimama mlangoni, hakuingia. Swali lake lilikuwa la kawaida ya hapa, nami nimeshaliandika katika vijiji vingine:

"Nani alitoka mbele radi ipige?"

Mtu akamjibu.

16 Oktoba

Mazishi. Mama Emérita alikwenda. Alipokaribia kaburi watu walimpisha, wakamwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja.

19 Oktoba

Byukusenge, mke wa Théoneste, mama wa marehemu, amekuja na kina mama wanne. Mama Emérita alikuwa ameketi mlangoni akinoa jembe, kama kila asubuhi, kwenye jiwe lililochimbiwa karibu na kizingiti. Ni jiwe la kijani linaloelekea weusi, laini, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Mume wake aliliokota shambani miaka thelathini na moja iliyopita. Nimelipita mara mbili kwa siku tangu Juni.

Byukusenge alilitazama, akarudi nyuma hatua moja.

"Muone! Njo yenyewe, ile ya ku redio. Jiwe ya radi. Iko na mufano ya shoka!"

"Byukusenge, hii ni ya kunolea," alisema Mama Emérita.

"Unanoa nini? Unanoa radi!"

Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma na kikombe cha chai ndiye niliyerusha redioni habari kwamba mawe hayo hutupwa kutoka mbinguni. Niliwaambia kina mama kwamba habari ile haikuwa kamili. Mmoja akaniuliza, bila hasira, kwa nini basi niliitoa.

21 Oktoba

Barza, baraza la kijiji, mbele ya nyumba ya Shefu Karangwa. Théoneste alitaka Mama Emérita aondoke leo. Pasta alisema Mkristo haamini mambo hayo, kisha akaketi mbali na Mama Emérita. Shefu si mtu mbaya. Ni mtu anayependa jioni ifike bila damu. Aliamua:

"Atavuna maharagwe yake. Kisha kuvuna, ataenda."

Mama Emérita alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili.

"Niende wapi? Bwana yangu iko mu kaburi pale. Watoto wanne nilizalia pano. Nitavuna, hiyo ni kweli. Ile ingine tutaona."

Njiani nilianza kumwomba radhi. Alinikatiza.

"Usinililie. Muntu wa redio akiharibu neno, analitengeneza ku redio."

25 Oktoba

Nimelitengeneza redioni. Nilisoma kutoka daftari langu kile nilichokikata: kwamba wakulima wale waliweka mawe hayo chini ya paa au ndani ya ukuta, kwa imani kwamba radi haipigi mara ya pili pale jiwe lake lilipo. Yaani kwao jiwe ni kinga. Nilisema pia kwamba radi haitumwi na mtu, wa Norvège wala wa Masisi.

Rekodi nilikwisha kuifuta. Mtandao wa simu wa Omate umekufa tangu mwanzo wa mwezi.

26 Oktoba

Jibu la kilima, kwa kinywa cha muuza mafuta ya mawese: "Mama Noëlla, weye si unalala kwake?"

Ni hoja nzuri. Ningeitoa mimi pia.

30 Oktoba

Mvua. Palizi ya kwanza. Hakuna aliyekuja kumsaidia Mama Emérita. Amepalilia peke yake.

3 Novemba

Palizi. Peke yake.

4 Novemba

Peke yake. Amesimika miti yote ya kutambalia maharagwe, urefu sawa, kama askari wa gwaride.

9 Novemba

Radi imepiga mparachichi wa Mama Emérita, hatua thelathini kutoka nyumbani. Umepasuka katikati. Nilidhani jambo hili lingemsaidia: nani hujitumia radi mwenyewe? Kabla ya jioni Byukusenge alikuwa na jibu.

"Nyundo imerudia mu mukono ya mwenyewe. Mama Noëlla njo alisema hivyo."

Kweli nilirusha maneno hayo. Dakika ya tatu ya kipindi.

Nimemwuliza Mama Emérita kama angekubali niende naye Goma hadi mambo yatulie. Alikuwa akikata matawi ya mparachichi kwa ajili ya kuni.

"Na maharagwe?"

"Ni maharagwe tu, Mama."

Aliacha kukata, akanigeukia. Sitasema tena neno hilo katika nyumba hii.

17 Novemba

Maua. Nimekwenda kutazama mashamba yote ya upande huu kwa ajili ya habari za kilimo. Hakuna shamba Muhanda linalofikia la Emérita. Naandika hivyo kama habari, nami nimepita kwa kila jirani kuhakikisha.

28 Novemba

Kwa wiki sita nimemwandika Théoneste katika daftari hili kwa neno moja: mshitaki. Leo saa sita mchana nimemkuta mpakani akichimba mashimo madogo, moja baada ya jingine, kwa upande wake.

"Unatafuta nini, Papa Théoneste?"

"Jiwe ingine. Ile ilipiga Benoît, lazima iko pano pahali."

"Na usipoipata?"

Aliendelea kuchimba. Halafu alisema, bila kuniangalia:

"Siku ile Benoît aliniambia: Papa, mvua inakuya, nibakie. Nikamwambia: nani atapiga ngoma? Enda. Kama hakuna muntu alituma radi, Mama Noëlla, basi ni miye nilituma mutoto."

Sikuwa na kipaza sauti, na ningekuwa nacho nisingekiwasha. Nilimsaidia kufukia mashimo mawili ili mbuzi wasivunjike miguu.

2 Desemba

Mtandao wa Omate bado. Nimeamua: nitamfuata Papa Grégoire mwenyewe. Sauti ya daftari langu haitoshi.

11 Desemba

Nimeondoka na Guy, dereva wa pikipiki. Zamani alibeba mizigo ya madini ya koltani mgongoni huko Rubaya na anasema tangu hapo hakuna barabara inayoweza kumtisha. Matope hadi magoti. Vizuizi vitano. Pikipiki imebebwa na watu mara mbili.

12 Desemba

Omate. Papa Grégoire anaishi katika nyumba ya mbao juu ya mashimo ya dhahabu. Goti moja halikunjiki. Nilimweleza yote, pamoja na kosa langu, nikamwomba aje aseme mbele ya barza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja:

"Ku barza, mutaniita nani? Mupishi ya Mamzeli?"

"Tukuite nani, Papa?"

"Nilipika miaka miwili. Miaka kumi na mbili nilitafsiri. Kila mahubiri ya yule mama, watu walisikia kwa kinywa yangu. Museme: mutafsiri."

Nimemwahidi.

15 Desemba

Tumerudi, watatu juu ya pikipiki moja, mzee katikati. Njiani alitusimulia jinsi nyundo ya Tor ilivyoibwa na jitu lililotaka kulipwa bibi harusi, na jinsi Tor alivyovishwa shela akaenda mwenyewe kama bibi harusi.

"Tor, na ile ndevu?" aliuliza Guy.

"Na ile ndevu! Ku meza ya harusi akakula ng'ombe muzima. Bwana harusi akauliza: huyu bibi, njaa hii ni ya wapi? Bakamwambia: hajakula siku nane, ni mapendo."

Guy alicheka hadi ikabidi asimamishe pikipiki. Tulikuwa mita hamsini kutoka kizuizi. Askari walitaka kujua tunacheka nini, na mzee akaanza upya. Tulipita bila kuulizwa karatasi.

23 Desemba

Shefu Karangwa amekubali barza nyingine, baada ya sikukuu. Maganda yameanza kugeuka rangi.

2 Januari

Jua. Mama Emérita na Papa Grégoire wamebishana siku nzima kuhusu jinsi ya kupika majani ya maharagwe. Wote wawili wana furaha.

6 Januari

Barza ilianza saa nne asubuhi. Watu zaidi ya mia moja. Nilimtambulisha Papa Grégoire kama mutafsiri. Alinyoosha mgongo, akasimama muda wote juu ya goti lile.

Alisimulia kwanza bibi harusi mwenye ndevu. Watu walicheka, hata Byukusenge, kisha akaziba mdomo kwa kitambaa chake cha msiba. Ndipo mzee alipoomba jiwe. Mama Emérita alikuwa amelichimbua mapema. Alilileta mwenyewe, mikononi, na watu wakampisha kama kaburini.

"Hii," alisema Papa Grégoire, "bibi ya Mamzeli alikuwa na ingine, mufano ya hii kabisa, juu ya boriti ya nyumba. Alikuwa Mukristo. Jumapili anaimba kanisani, lakini jiwe hakuitoa, sababu babu yake alisema: radi ikiona jiwe yake, inapita. Kwao, nyumba yenye jiwe njo nyumba ya kuombea fasi ya kujificha siku ya mvua. Hakuna muntu kule alifukuzwa sababu ya jiwe."

Théoneste alisimama.

"Papa, kama inalinda, mbona haikulinda mutoto yangu?"

Mzee hakuwa na haraka.

"Mwanangu, miye ninakuambia vile balisema. Sikusema kama balisema kweli. Kwa macho yangu jiwe ni jiwe. Lakini kama munaamini jiwe ya Bazungu ku redio, muamini yote, si nusu."

Hapo ilikuwa zamu yangu. Nilisema kwamba tarehe 27 Septemba, kwa kuona wingu, nilikata dakika moja na sekunde arobaini za maneno ya mzee huyu, na kwamba mashtaka ya jiwe yalizaliwa katika sekunde zile mia moja. Nilisema ni kosa langu, si la redio, si la mzee, si la Mama Emérita. Sijawahi kuwa na sababu bora ya kuwa na sauti nzuri.

Mtu wa nyuma akasema: "Anamutetea sababu ya chumba." Wachache walicheka.

Kisha Mama Emérita akafanya jambo ambalo hakuwa ameniambia mimi, wala kumwambia mzee. Alivuka uwanja hadi mbele ya Théoneste, akamnyooshea jiwe.

"Kamata."

Théoneste hakusogea.

"Kamata, Papa Théoneste. Kama ni ya kuua, weye uitupe fasi unajua. Kama ni ya kulinda, uko na watoto bengine batatu, uiweke ku nyumba. Mimi niliimba na Benoît miaka saba. Sitaomba huruma ya muntu, na sitatoka pano. Lakini jiwe, kamata."

Byukusenge alimvuta mumewe shati. Théoneste alilichukua. Alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu cha moto, akaligeuza. Kisha akaligeuza tena. Ni mkulima, tangu utoto amenoa majembe. Nilimwona akipitisha kidole gumba juu ya upande mpana, pale palipolika, mfereji mrefu ulioinama kidogo upande wa kulia. Alipitisha mara mbili. Halafu akamtazama Mama Emérita mkono. Hutumia mkono wa kushoto.

"Unanoaka na kushoto," alisema.

"Tangu nizaliwe."

"Miaka ngapi?"

"Makumi tatu na moja."

Théoneste aligeuka kuelekea barza. Hakuinua sauti, na watu walisogea karibu ili wamsikie.

"Hii iko ya kunolea."

Byukusenge aliketi chini. Shefu alifungua kinywa, lakini Théoneste alikuwa bado hajamaliza.

"Benoît alitaka kubakia nyumbani. Miye njo nilimwambia aende. Hakuna ingine."

Hakungoja uamuzi. Aliteremka kilima na jiwe mikononi, sisi sote nyuma yake, hadi mlangoni pa Emérita. Akapiga magoti, akaliweka katika shimo lake, akashindilia udongo kwa kiganja. Shefu Karangwa alitangaza akiwa njiani, kwa sababu hakuna aliyebaki uwanjani wa kumsikiliza: Mama Emérita anabaki.

10 Januari

Nimerusha mahojiano mapya na Papa Grégoire, yote, bila kukata hata pumzi. Anga lilikuwa jeusi. Nilizima mtambo baada ya neno lake la mwisho, si kabla.

13 Januari

Mavuno ya Mama Emérita. Walikuja watu kumi na saba. Aliwapanga kwa mistari na kuwakemea wote sawasawa. Byukusenge alikuja wa mwisho, akachukua mstari wa mpakani, ule ulioliwa na mbuzi. Hawakusemeshana hadi saa saba mchana, Mama Emérita alipompelekea maji.

"Kunywa. Mustari yako inaenda vizuri."

Kwa kinywa kile, hiyo ni medali.

16 Januari

Guy amempeleka Papa Grégoire nyumbani Omate. Mzee amebeba kilo nne za mbegu za Emérita na amekataa kuzifunga nyuma na mizigo.

18 Januari

Ngurumo upande wa Walikale, saa moja asubuhi. Nimezima mtambo, nikatoka nje na chai. Mlangoni palikuwa na sauti ya chuma juu ya jiwe. Théoneste alikuwa amechuchumaa pale na jembe lake, akilivuta kwa mkono wa kulia, dhidi ya mfereji. Kwao ana mawe mawili ya kunolea, nimeyaona.

Mama Emérita alikuwa amesimama kando yake, mikono kiunoni, macho yake shambani kwake, kwenye ardhi nyeusi iliyo tayari kwa msimu unaofuata.

"Polepole, baba," alisema. "Utanimalizia jiwe."